Macho Yananicheza

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa kushika kitu. Nilifika saa moja kasoro kwenye ofisi ya habari ya mkoa, hapa Sumbawanga mjini, nimevaa koti la marehemu baba. Ilikuwa mwezi wa saba, na anayeujua mwezi wa saba wa Ufipa hahitaji kuelezwa koti ni la nini. Opereta Mkuu alinipokea bila kunikaribisha kiti. Alikuwa mtu wa Mbeya, mrefu, mkavu wa maneno, suruali yake imepigwa pasi mpaka unaogopa kumkaribia. Akaniingiza stoo, akafunga mlango, akaziba dirisha kwa blanketi, kisha akawasha projekta bila kuweka filamu.

"Simama mbele ya mwanga. Nyoosha mkono, upunge haraka."

Nikapunga.

"Vidole vingapi?"

"Vitano, mzee."

"Kijana, sijakuuliza unavyojua. Nimekuuliza unavyoona. Punga tena."

Nikapunga tena. Loo! Vidole vilikuwa vingi, vimesimama hewani vimeachana, kama meno ya kitana. Nikasema labda ni kumi na tano, labda ishirini. Opereta Mkuu akazima mashine na kuniambia kwamba sasa naweza kwenda kusaini kitabu cha mahudhurio.

Baadaye alinieleza, kwa namna yake ya kueleza kitu mara moja tu. Mwanga wa projekta si mwanga wa mfululizo. Ndani yake kuna kisahani kinachozunguka, tukikiita shata, ambacho kazi yake ni kuukata. Filamu ni utepe wa picha zilizotulia, hakuna hata moja inayotembea. Kila sekunde zinapita ishirini na nne. Picha moja inasimama mbele ya taa, inaonekana, halafu inavutwa chini ili nyingine ishike nafasi yake. Na wakati inavutwa lazima shata ifunge, la sivyo mtazamaji ataona picha inaburuzwa kama godoro linavyoburuzwa sakafuni. Kwa hiyo baada ya kila picha kuna giza. Jicho linaiunganisha picha hii na ile, linaliruka giza, na mtu anaamini ameona ng'ombe akitembea.

Ila kuna tatizo. Giza likija mara ishirini na nne tu kwa sekunde, jicho linaligundua. Hapo ndipo tunasema mwanga unacheza. Kichwa kinauma, wengine wanasikia kichefuchefu. Ndiyo maana shata yetu ilikuwa na mabawa matatu, ikiikata picha ileile mara tatu kabla haijaondoka, ili mimweko ifike sabini na mbili kwa sekunde. Kwa kasi hiyo jicho linasalimu amri.

"Mtu akikaa kwenye sinema saa mbili," Opereta Mkuu alisema, "karibu saa nzima ametazama giza, na hajui. Wewe unalipwa asijue."

Jambo jingine alilonifundisha wiki ile ni kutazama kwa pembeni. Ukiukodolea mwanga macho, huoni ukicheza. Geuza uso, utazame kwa pembe ya jicho, utaona mara moja, kwa sababu pembe ya jicho ni nyepesi zaidi kushtuka. Nilijizoeza mpaka mama yangu akanionya kwamba nimeanza kuwatazama watu kama mwizi wa kuku.

Basi nikawa opereta msaidizi wa gari la sinema. Tulizunguka uwanda wote, kijiji hadi kijiji, tukionyesha filamu za kilimo, za chanjo na za kuchimba vyoo. Vijana wa leo wenye televisheni ya ukutani mtacheka. Chekeni tu. Kijiji kizima kilikuwa kinatoka kutazama choo kikichimbwa.

Safari moja tuliteremka Muze, kule bondeni, karibu na Ziwa Rukwa, ambako koti unalivua kabla hujafika. Tukaonyesha filamu ya mkulima na mkokoteni wake. Mzee mmoja aliyekaa mbele akainuka katikati ya filamu.

"Simamisheni! Huo mkokoteni unakwenda mbele, magurudumu yanarudi nyuma. Mmeufanya nini?"

Watu wakapiga kelele, wengine wakasema ni kweli, wamewahi kuona na wakanyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Opereta Mkuu akaisimamisha filamu, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa mtu yeyote, akamfuata yule mzee.

"Shikamoo mzee. Umeona vizuri. Kamera iliyopiga picha hii nayo inafumba na kufumbua. Ikifumbua, inakuta mkono wa gurudumu hapa. Ikifumba, gurudumu linazunguka. Ikifumbua tena, inakuta mkono mwingine umekaribia kufika mahali pa ule wa kwanza, bado kidogo. Basi wewe unadhani ni uleule, umerudi nyuma."

"Na kama huo mwingine ukifika palepale kabisa?"

"Utaona gurudumu limesimama, na mkokoteni unakwenda."

Yule mzee akafikiri. "Sasa anayenidanganya ni jicho langu au ni kamera yako?"

"Kamera, mzee. Jicho lako ni zima. Jicho halina shata."

Nililipenda jibu hilo. Nikalibeba, nikawafundisha nalo wasaidizi wote waliokuja nyuma yangu: magurudumu ya ajabu yako kwenye picha, huku duniani gurudumu likionekana limesimama, limesimama. Nataka msomaji aliweke hili moyoni, kwa sababu ndiko kosa langu lilikoanzia.

Gari la sinema lilikufa kama magari mengine ya ofisi yanavyokufa: kwanza likakosa tairi, halafu likapandishwa kwenye mawe, halafu kuku wakataga ndani. Video zilikuwa zimeingia mjini. Opereta Mkuu akastaafu, akarudi kwao. Mimi nikahamishiwa ufundi wa redio na televisheni chini ya Afisa Habari mpya, mama mpole asiyejua bisibisi wala koleo, na kwa hiyo hakunisumbua. Televisheni zile za mgongo mkubwa zilichora picha kwa mstari, mstari baada ya mstari, mara hamsini kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi hamsini. Hezi ni hesabu tu, kitu kimerudia mara ngapi ndani ya sekunde. Nikiingia dukani kwa mtu nilikuwa naziona zikicheza kwa pembe ya jicho kabla sijaonyeshwa ipi ni mbovu. Watu walidhani nina dawa.

Ikaja kupunguzwa kazi, nikapunguzwa. Nikachukuliwa na kampuni ya mtu binafsi iliyokuwa ikifunga umeme majumbani na kwenye mashine. Kampuni hiyo haipo tena na jina lake halina kazi hapa. Mkubwa wangu alikuwa Meneja wa Ufundi, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, msomi, mwenye haraka, aliyeniita Mzee Kastori na kunituma kama mtoto. Simlaumu. Nilikuwa fundi mzuri na nilitumwa sana.

Alinituma kijiji cha Mollo. Kikundi cha kina mama kilikuwa na nyumba ya mashine, mbili upande kwa upande, ya kusaga na ya kukoboa, kila moja na mota yake. Ndani kulikuwa na globu moja ya kizamani, ya waya, njano, imejaa vumbi la unga. Mwenyekiti wao, Mama Leokadia, alilalamika kwamba wateja hawaoni kama sembe yao imetoka nyeupe. Nikashauri taa ya tyubu. Ushauri ulikuwa wangu, haukuwa wa Meneja, na niliutoa bila kuulizwa mara mbili. Nikafunga tyubu moja ndefu juu kabisa ya mashine ya kukoboa, na choki yake, lile dude zito linalonguruma. Nyumba ikang'aa. Kina mama wakapiga vigelegele, nikapewa debe la maharage.

Mwendesha mashine alikuwa Desderi, mtu wa makamo, mwembamba, mnyamavu. Mashine zile alizijua kwa mlio. Alikuwa pia msomaji wa masomo kanisani kigangoni kwao, na pombe hakuwa anagusa, hata kimpumu, pombe yetu ya ulezi ambayo huku hata padri hawezi kuikwepa kwenye harusi.

Wiki mbili baadaye nilipita kukagua. Desderi akanisogelea, anafikicha uso.

"Fundi, tangu ufunge hii taa, macho yananicheza."

Mnajua wenyewe tunavyosema. Jicho likicheza la juu, utapata mgeni. Likicheza la chini, utalia. Kila mtu analisema, hata wanaodai hawaliamini.

"Linakucheza la juu au la chini?" nikamuuliza.

"Yote. Na kichwa."

"Mh! Basi utapata mgeni, halafu utalia. Andaa kuku mapema."

Nikacheka. Na yeye akacheka kidogo, kwa adabu, maana mimi ni mkubwa kwake. Nikapanda baiskeli yangu nikaenda zangu. Mtu aliyefundishwa kazi kwa neno lile lile, mwanga unacheza, aliambiwa neno hilo usoni na mtu anayefikicha macho, akalisikia kama habari za wageni. Sina la kujitetea.

Ikafika Juni. Mahindi yamevunwa, foleni ya magunia imetoka nje, upepo wa baridi unavuma mpaka Desderi anafunga mlango ili kina mama wasitetemeke. Siku hiyo alikuwa amefungua kikinga cha mkanda wa mashine ya kukoboa, kwa sababu mkanda ulilegea na alikuwa akiukaza kila mara. Ya kusaga ilikuwa inanguruma pembeni. Ya kukoboa ilikuwa imemaliza gunia. Desderi akageuka, akaona gurudumu linalovutwa na ule mkanda limesimama, na uzi wa gunia umejisokota kwenye mhimili. Mota ile ilikuwa na tabia ya kujizima. Akapeleka mkono kuutoa uzi.

Akapoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia.

Hospitali alisema neno moja tu, analirudia: "Lilikuwa limesimama. Nawaambia, lilikuwa limesimama." Waliokuwepo walisema mashine haikuzimika hata kidogo, mpaka walipoizima wao. Sasa mtu anayeona mashine imesimama wakati inazunguka, ana nini? Kikundi kikakaa, kikaandika kwamba mwendesha mashine alikuwa amelewa. Akaondolewa. Kigangoni wakamwambia apumzike kwanza kusoma. Watoto wa njiani wakampa jina: Desderi Kimpumu.

Nilitumwa kuandika taarifa ya umeme. Nilifika saa sita mchana, mlango wazi, jua limeingia mpaka ukutani. Nikawasha mashine, nikatazama gurudumu: linazunguka, ukungu mtupu, mwenye macho anaona. Nikaandika kwamba mfumo ni salama. Na moyoni, nisiseme uongo, nilisema masikini Desderi, kumbe alikuwa anakunywa kwa siri.

Niliyarudia maneno yake baada ya siku kumi, kwa bahati tu. Nilikwenda tena kurekebisha mota, upepo ukawa mkali, mwendeshaji mpya akaufunga mlango. Nikageuza shingo kuchukua spana. Pembe ya jicho ikashtuka. Mwanga ulikuwa unacheza. Nikageuka polepole kutazama gurudumu la kukoboa, na gurudumu lilikuwa limesimama. Mikono yake mitano ilionekana yote, na ukungu kidogo pembeni. Mashine ilikuwa imewashwa.

Nilikaa chini juu ya gunia la mtu.

Hesabu yake ni fupi, na laiti ningeifanya mapema. Umeme wa hezi hamsini unaifanya tyubu yenye choki iwake na kufifia mara mia moja kwa sekunde. Gurudumu lile, likiwa halina mzigo, lilizunguka mara ishirini kwa sekunde, nalo lina mikono mitano. Mitano mara ishirini ni mia. Kila taa ilipowaka, ilikuta mkono mwingine umefika palepale pa uliotangulia. Globu ya zamani haikuwa na tatizo hilo, kwa sababu waya wake ukishapata moto haupoi haraka. Mchana mlango ukiwa wazi, jua linamwaga mwanga usiokatika na mchezo wote unafutika. Jicho halina shata, ni kweli. Taa ilikuwa ndiyo shata, na niliifunga mimi.

Nilirudi mjini nikamwambia Meneja wa Ufundi. Alinisikiliza huku anasaini karatasi.

"Mzee Kastori, umebakiza miezi mingapi kustaafu?"

"Mitano."

"Unataka kuimaliza kwa kesi?"

"Sitaki kesi."

"Basi taa imefungwa kwa kufuata taratibu. Tyubu ziko nchi nzima, ziko hadi mashuleni. Zimemkata nani?"

"Zimemkata Desderi."

"Desderi amekatwa na pombe. Ndivyo walivyoandika wenyewe." Akaniangalia sasa. "Nenda kaweke taa nyingine kimyakimya kama roho inakuuma. Maneno uyaache."

Nikaenda, nikafunga globu moja karibu na gurudumu, nikawaambia kina mama ni ya akiba. Mwendeshaji mpya akawa salama. Maneno nikayaacha. Kwa miezi mitano niliyaacha, na katika miezi hiyo nilimwona Desderi mara mbili. Mara ya kwanza sokoni, anauza mkaa, mkono wa kulia mfukoni. Mara ya pili barabarani, watoto wawili wanamfuata nyuma wanayumba makusudi, na yeye hageuki. Nilivuka barabara nisikutane naye. Niliona aibu, na aibu yenyewe haikunitosha kunifungua mdomo.

Siku ya kustaafu ofisi ilinunua soda na keki. Meneja akasimama kutoa hotuba. Alisema mambo mazuri, mengine ya kweli. Mwishoni akasema, "Na katika miaka yake yote, kazi ya Mzee Kastori haijawahi kumuumiza mtu hata mmoja." Wakapiga makofi. Mke wangu akapiga makofi. Nikashukuru, nikapokea bahasha na blanketi, nikakaa. Keki nikaiacha kwenye sahani.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumapili asubuhi, baada ya misa, nilikuwa Mollo, uani kwa Desderi. Alikuwa anapukuchua mahindi kwa vidole vilivyobaki, na mkewe Anastazia anapepeta ulezi. Walinikaribisha kigoda. Nikawaeleza yote: taa, hesabu, taarifa niliyoandika, Meneja, miezi mitano. Sikuacha kitu.

Anastazia aliweka ungo chini. "Miezi mitano! Baba mzima, na mvi zako! Mume wangu anaitwa mlevi mbele ya wanawe, wewe unajua, unapita na baiskeli?"

"Ndiyo, mama."

"Hata mimi," akasema, "hata mimi nilimnusa mdomo akiwa kitandani hospitali. Nilimnusa mume wangu."

Desderi alilipukuchua hindi la mkononi mpaka likabaki gunzi, akalitazama, hakulitupa.

"Unaweza kuwaonyesha?" akaniuliza.

"Naweza. Ile tyubu bado ipo. Nitaizima globu tu."

"Basi usiwaambie kitu. Kuambiwa, niliwaambia mimi."

Mama Leokadia na wajumbe sita wa kikundi walikuwa bado nje ya kanisa, wamevaa vitenge vya Jumapili. Nilipowaomba waje kwenye mashine walinung'unika, lakini mtu mzima akiomba kwa heshima huku kwetu hanyimwi. Nikazungushia kamba mashine ya kukoboa, hatua tano kila upande, nikawaweka nje ya kamba, nikafungua kikinga. Nikawasha ya kusaga, ikanguruma. Nikawasha na ya kukoboa. Mlango ukafungwa, globu nikaizima, tyubu ikabaki.

Desderi alisimama mbele yao, gunzi mkononi. Ilibidi apige kelele ili asikike.

"Mama Mwenyekiti! Hili gurudumu linazunguka au limesimama?"

Mama Leokadia alitazama, akasogeza shingo. "Limesimama. Hujaliwasha."

"Wewe?"

"Limesimama," akasema wa pili. Na wa tatu. Akawapitia wote saba mmoja mmoja, hakuruka mtu, na kila mmoja akasema limesimama. Wa mwisho akaongeza kwamba hata kipofu angejua.

Desderi akalirusha gunzi kwenye gurudumu. Lilipasuka kwa kishindo, vipande vikagonga bati la juu na kuturudia vichwani. Kina mama walipiga mayowe, mmoja akaangusha rozari. Nikazima zote mbili. Ndipo gurudumu likaonekana likianza kuzunguka, polepole, likimalizia mwendo wake, mpaka likasimama kweli.

"Mama Mwenyekiti," Desderi akasema, sasa kwa sauti yake ya kawaida, "umekunywa wapi asubuhi hii?"

"Mimi? Tangu lini..." Akatazama gurudumu, halafu mkono wa Desderi, halafu chini.

"Na ninyi wengine? Mmetoka kanisani wote saba. Mmelewa saa ngapi?"

Mama Leokadia akaanza kulia, akasema, "Tusamehe, baba." Desderi akasema kwamba jina la Kimpumu alipewa mbele ya watu, kwa hiyo msamaha hawezi kuupokea ndani ya nyumba ya mashine. Kisha nikasimama mimi, nikasema ni nani aliyeifunga ile taa na alijua lini. Hayo niliyasema bila kuulizwa, na yalikuwa magumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya kwa mikono.

Vijana wa Milanzi, ninakoishi sasa, hupita nyumbani na televisheni zao mpya kuniuliza eti hezi mia na ishirini ni bora kuliko sitini. Ni bora kwa mpira, mshikaji, kwa kitu kinachokimbia. Kwa hotuba hutaona tofauti. Nawaambia pia waelekeze kamera ya simu kwenye taa zao za bei poa: wakiona mistari inapanda na kushuka, taa hiyo inakatakata mwanga, isiwekwe kamwe juu ya kitu kinachozunguka, iwe msumeno, iwe cherehani ya mota. Palipo na fezi zaidi ya moja, yaani nyaya za umeme zinazopishana mapigo, fungeni taa mbili kwenye fezi tofauti, moja ikififia nyingine inawaka. Na mtu akiwaambia macho yanamcheza, msimuulize la juu au la chini. Muulizeni amekaa chini ya taa gani. Pensheni yangu ni ndogo, afya ni nzuri, baiskeli ninayo. Mimi na Meneja hatuamkiani, na hilo nalielewa.

Kikundi kilimrudisha Desderi kuwa msimamizi wa mashine, na mwendeshaji mpya akawa chini yake. Tyubu niliing'oa mwenyewe. Mimi hajaniambia kwamba amenisamehe, wala sijamuuliza.

Jumapili iliyofuata nilikwenda tena Mollo, nikakaa benchi la nyuma. Kabla ya misa Mama Leokadia alisimama mbele ya kigango kizima, akasema kikundi kilimzulia mtu ulevi, akamtaja kwa jina lake la ubatizo, mara mbili. Halafu ukafika wakati wa somo la kwanza, na Desderi akapanda. Kitabu alikifungua kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia, aliouficha mfukoni miezi yote ile, akautoa, akauweka juu ya meza ya kusomea, wazi, mbele ya watu wote, ndipo akaanza kusoma.